Jua la Mabibi na Bukini wa Maftuha

Oktoba 4

Nesi Gulfiya amenipa daftari hili niandike presha yangu kila asubuhi na kila jioni. Nikamwambia presha yangu haina habari: inapanda nikimwona yeye, inashuka akiondoka. Hakucheka. Basi nitaandika hali ya hewa, kwa sababu presha ya mzee na hewa ni mapacha, ila hewa angalau ina mambo mapya. Shule niliiacha darasa la saba, trekta la shamba la ushirika liliponiita. Atakayekuta kosa alirekebishe kimoyomoyo.

Utabiri wa redio ya mkoa leo: kaskazini digrii kumi na tatu, kusini kumi na saba, ng'ambo ya milima kumi na moja na upepo. Sisi wa Yukele tuko kusini. Yule binti wa redio alipofika kwenye hali ya hewa ya Ufa mjini, nilizima. Ufa hainihusu. Watu wa Ufa wanalala juu ya vichwa vya wenzao, wanapanda lifti, na mvua wanaitazama dirishani kama picha ya ukutani.

Hali yenyewe: jua. Jua la mabibi, ndivyo tunavyoziita siku kama hizi. Majani yakishageuka njano na watu wakishatoa makoti, joto hurudi kama mgeni aliyesahau kofia yake. Mabibi wanatandaza magodoro ya manyoya uani, wanakaa juu ya vibao wamefumba macho kama paka. Mababu hatukupewa hata wingu letu.

Bukini wa Maftuha ameniuma tena. Mguu wa kushoto, nyuma ya goti.

Oktoba 5

Digrii kumi na nane. Utando wa buibui unaelea hewani, unanasa kwenye masharubu.

Nieleze huyu bukini, nesi asije akadhani naumwa na mbwa. Maftuha ni jirani yangu wa chini, mjane wa rafiki yangu Sagit. Kwa hiyo ni shemeji yangu, ana ruhusa ya kunitukana, na mimi ninayo ya kumrudishia. Anafuga bukini karibu thelathini. Kiongozi wao ni dume moja kubwa, jeupe, kifua mbele, linalotembea njiani likimtazama kila mtu kama limetumwa na serikali. Kijiji kizima kinamwita Mkaguzi.

"Shemeji, mfunge mnyama wako!" nilimpigia kelele leo.

"Nimfunge kwa kosa gani?" Maftuha alijibu bila kuinuka. "Anakagua tu. Anamuuma mwenye kitu cha kuficha."

"Mimi nina nini cha kuficha?"

"Hiyo miguu. Vaa suruali ndefu, utuhurumie sote."

Naomba baridi ije upesi. Huku kwetu bukini hachinjwi kabla ardhi haijaganda na kulia chini ya kiatu. Ukimchinja kwenye joto, manyoya yake hayajakomaa na nyama inaharibika. Baridi ikishika, wanawake wa kijiji wanakwenda nyumba kwa nyumba kusaidiana kunyonyoa, na mwenye nyumba anawapikia. Mwaka huu nimeshachagua kipande changu cha Mkaguzi. Paja.

Oktoba 6

Kumi na tisa. Hakuna lolote. Nimelala mchana.

Oktoba 8

Kijiji chetu kiko ndani ya bakuli la vilima. Simu hazishiki, labda upande juu ya paa la duka la Bi Raila na ugeuze uso upande wa msikiti. Redio inashika kwangu tu, juu ya mteremko. Kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye ninayeshuka na utabiri hadi kwenye benchi la mbele ya duka, mabibi wananingoja na vitambaa vyao vya kichwa. Nikisema kumi na nane, wanafua. Nikisema mvua, wanaanua. Katika maisha yangu yote hakuna mwanamke aliyenisikiliza hivyo, hata marehemu mke wangu Salima, yeye hasa.

Leo Ilgiz, mtoto wa Maftuha, amekuja na gari kutoka Ufa. Alipita kwangu kunisalimu, akakaa kwenye ngazi, akawa anauzungusha ufunguo wa gari kidoleni.

"Baba mkubwa, nakuambia wewe kwanza. Mama namchukua."

"Unampeleka wapi? Sokoni?"

"Ufa. Moja kwa moja. Nyumba nzuri, ghorofa ya saba, maji ya moto, hospitali ng'ambo ya barabara."

"Ghorofa ya saba bukini wanafikaje?"

"Hawafiki. Mama amesema hatoki hapa kabla bukini hawajanyonyolewa. Nami nimemkubalia. Wakishanyonyolewa, siku ya tatu yake naondoka naye."

Akaondoka. Nikabaki kwenye ngazi. Kichwa changu ni cha polepole, kama trekta la zamani, lakini likiwaka halizimiki. Baridi ikija, bukini watachinjwa. Bukini wakichinjwa, Maftuha ataondoka. Na mimi nilikuwa naomba baridi.

Oktoba 9

Kumi na saba. Ee Mola, ile dua ya juzi, tafadhali ipuuze. Na ya jana yake pia.

Oktoba 12

Kumi na tano, mawingu kidogo. Mkaguzi ameniuma. Nikamwambia, "Uma, bwana, uma. Uishi miaka mingi." Raila alikuwa anapita na ndoo, akanitazama vibaya.

Oktoba 13

Kumi na tano tena. Nimemwona Hanif, imamu wetu, akiingia kwa Maftuha amebeba matofali. Imamu na matofali! Ana mke mzima, na kanzu safi, na bado anabeba matofali ya mjane. Leo mchana matofali tena. Nilipompita nikasema, "Mulla, unajenga msikiti wa pili?" Akaniita kwa jina langu, "Mudaris, kila mtu na kazi yake," akaenda zake. Jibu la mtu mwenye siri.

Oktoba 15

Yule binti wa redio leo sauti yake imebadilika, kama mtu anayeleta habari za msiba. Joto linashuka. Kusini digrii tisa mchana, usiku moja chini ya sifuri.

Nilishuka hadi kwenye benchi. Mabibi wote macho kwangu.

"Haya, Mudaris, imekuwaje?" Raila aliniuliza mlangoni pa duka. "Tutanoa visu?"

Sijui ulimi wangu ulichukua amri kwa nani. Ukasema, "Kumi na mbili. Usiku nne. Jua la mabibi bado halijaisha, kina mama. Kaeni."

Wakafurahi. Hakuna aliyekufa kwa digrii tatu.

Oktoba 17

Redio: saba. Mimi: kumi na moja.

Oktoba 18

Redio: sita, usiku mbili chini ya sifuri. Mimi: kumi, usiku tatu. Nimegundua kuongeza digrii ni kama kuongeza chumvi. Mara ya kwanza mkono unatetemeka, baadaye unarusha tu.

Oktoba 19

Nimekwenda kwa Maftuha kurudisha ungo, ungo ambao sikuuazima. Alikuwa anakata kabichi za kutia chumvi. Jiko lake la matofali lilikuwa limefunikwa turubai, sikuuliza.

"Shemeji," alisema, "umesema usiku digrii tatu."

"Redio imesema."

"Bukini wangu asubuhi wamesimama mguu mmoja, mwingine wameuficha tumboni. Bukini hafanyi hivyo kwenye digrii tatu."

"Labda wamechoka."

"Wote thelathini?"

"Wanaigana. Kama mabibi wa benchini."

Alinitazama juu ya kisu, muda mrefu. Halafu akakata kabichi nyingine, akanipa kile kiini cha katikati nitafune, kama mtoto. Sikujua kama nimeaminiwa au nimehurumiwa.

Oktoba 21

Redio: nne, usiku sita chini ya sifuri, ukungu na utelezi. Mimi: tisa, usiku moja. Mabibi wengine wamevaa makoti mawili. Raila amesema, "Mudaris, redio yako na mwili wangu haviko mkoa mmoja."

Oktoba 22

Leo naandika mengi, mkono wenyewe unataka.

Alfajiri nilikuwa natia kuni jikoni. Nikasikia Mkaguzi. Namjua kelele zake zote: ya kukagua, ya kuuma, ya kumsalimu jike. Hii sikuwahi kuisikia. Ilikuwa moja, ndefu, inapasuka, inaanza tena, inapasuka. Nikatoka na viatu vya ndani. Nje kulikuwa kweupe, kila unyasi una sukari juu yake, na njia inang'aa kama sahani iliyooshwa. Nikashuka nimekaa kitako, ndiyo, kama watoto, kwa sababu kusimama hakukuwezekana.

Maftuha alikuwa amelala ubavu karibu na kisima. Ndoo moja imemwagika, nyingine imesimama wima, imejaa, kama haihusiki. Alikuwa amevaa viatu vya mpira, vile vya kiangazi, bila soksi za sufu. Mkaguzi alikuwa amesimama juu yake amepanua mabawa yote mawili, na mimi nilipokaribia hakuniuma. Alisogea. Alinipisha!

"Maftuha!"

"Nipo, usipige kelele. Utawaamsha watu."

"Wapi panauma?"

"Kiwiko. Na nyonga kidogo. Na kiburi." Akajaribu kuinuka, akaguna. "Ulisema digrii moja, Mudaris. Nikaona maji hayataganda. Nikavaa viatu vya mpira."

Nilivua sweta nikamwekea chini ya kichwa. Nilijaribu kumwinua, tukateleza wote wawili, tukakaa pale barafuni kama waliokwenda kuvua samaki, tumeshikana mikono. Hapo ndipo akacheka. Alicheka huku machozi yanatoka, sijui ya maumivu au ya nini, na Mkaguzi akapiga kelele kama anauliza kinachochekesha.

Hanif alitusikia akitoka msikitini. Alikuja na jivu kwenye ndoo, analimwaga mbele yake hatua kwa hatua, mtu mwenye akili. Tukambeba Maftuha ndani. Nesi Gulfiya akaja, akaangalia: kiwiko kimeteguka, hakijavunjika; nyonga imevilia damu. Akafunga mkono kwa kitambaa. Kisha akanipima mimi presha bila kuombwa, akaniambia nikae chini mara moja.

Nilikaa. Na nilipokaa ndipo nikaona jiko la Maftuha, turubai limeondolewa. Limejengwa upya upande mzima wa nyuma.

"Lilikuwa na ufa," Hanif alisema, ananawa mikono. "Moshi ulikuwa unaingia chumbani. Aliniomba nisiseme, Ilgiz asije akapata sababu nyingine ya kumchukua."

Siku zote hizi, kumbe mulla anafanya kazi ile ile niliyodhani naifanya mimi. Tofauti ni kwamba yeye alileta matofali, mimi nilileta uongo.

Oktoba 23

Ilgiz amefika, ameendesha usiku kucha. Macho mekundu, uso wa mtoto aliyepotea sokoni. Siku zote nilimwona kijana wa funguo za gari. Leo alisimama kando ya kitanda cha mama yake, kwa kidole kimoja tu anaugusa ule mkono uliofungwa.

Uani aliniambia, "Baba mkubwa, mwezi wa tatu alianguka hapo hapo. Alilala chini mpaka mleta barua alipopita. Unajua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye foleni ya lifti. Tangu siku hiyo, kila nikisikia utelezi kwenye redio, mikono inatoka jasho."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Maftuha akapiga kelele kutoka ndani, "Mudaris! Njoo unimiminie chai, mkono wangu mmoja!"

Nikaingia. Akasema taratibu, "Mwanangu asijue kuhusu digrii zako. Atakuchukia bure, na mimi nitakosa mtu wa kumtukana."

"Ulijua?"

"Shemeji, bukini wangu hawadanganyi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na ukavaa viatu vya mpira?"

Akanywa chai. Akasema, "Siku moja nilitaka iwe kweli."

Oktoba 25

Jua la mabibi limerudi! Redio imesema kusini kumi na nne, mimi nimesema kumi na nne. Hakuna aliyeniamini. Wamekuja benchini na shali na mabuti ya sufu, wakakaa wanatokwa jasho kwa ajili ya kunikomoa.

Oktoba 26

Kumi na tano. Nimekata kabichi za Maftuha, nimetia chumvi, nimeweka jiwe juu. Yeye amekaa uani na mkono wake shingoni, anaamrisha.

"Nyembamba zaidi. Hiyo ni kabichi, siyo kuni."

"Shemeji, mimi ni dereva wa trekta."

"Inaonekana."

Mkaguzi alipita, akanitazama, akaendelea. Nadhani sasa faili langu limefungwa.

Oktoba 29

Kumi na tatu, hakuna upepo. Leo nimeuliza.

Tulikuwa tunachambua maharage. Nikasema, "Maftuha, wewe unataka kwenda Ufa au hutaki?"

Akaweka maharage chini. "Unajua wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza?"

"Si kweli."

"Ni kweli. Ilgiz anahesabu barafu. Hanif anahesabu matofali. Wewe unaongeza digrii. Kila mtu ana huruma nyingi kwangu, hakuna mwenye swali."

"Basi mimi nimeuliza. Jibu."

"Niulize siku ya manyoya."

"Maftuha!"

"Chambua maharage. Hilo lina mdudu."

Oktoba 31

Kumi na moja. Majani yamekwisha mitini, lakini jua bado. Mabibi wanalikalia kama deni la mtu anayeondoka kesho.

Novemba 3

Yule binti wa redio amesema polepole, neno kwa neno: usiku wa leo anga safi, baridi kali kuanzia kaskazini, kusini digrii kumi na mbili chini ya sifuri, na itakaa.

Nilikaa karibu na redio mpaka chai ikapoa. Nikafikiri: nikisema nne chini ya sifuri, wataahirisha wiki. Wiki nzima. Nikaitazama picha ya Salima ukutani. Salima alikuwa na jicho moja la kuniambia "jaribu uone". Bado analo.

Nikashuka.

"Kina mama," nilisema, "kumi na mbili chini ya sifuri. Ardhi italia. Noeni visu."

Raila akasema, "Huyu sasa anadanganya kwa upande wa pili!" Akajituma juu ya paa. Ndiyo, alijituma mwenyewe, mwanamke wa kilo zake, na simu mkononi, akageukia upande wa msikiti. Tukamsubiri. Kutoka juu akasema, "Kumi na mbili! Amesema kweli! Jamani, mshikeni, ana homa!"

Maftuha hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimiwa kwa mbali.

Novemba 4

Kumi na mbili, kweli. Asubuhi nilikanyaga njia, ikalia.

Novemba 5

Siku ya manyoya kwa Maftuha. Ilgiz alifika jana jioni na masanduku matupu ya kubebea.

Hanif alichinja tangu alfajiri, kwa bismillahi na kisu kikali, haraka, bila bukini kuteseka. Mimi sikwenda mapema. Nilikuwa nasikiliza redio, nilijipa sababu hiyo. Nilipofika, nyumba imejaa: wanawake kumi na kitu wamekaa duara, manyoya yanapaa mpaka kwenye dari, na Raila anawapitishia bukini pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi ili manyoya laini yalegee. Jiko jipya linanguruma bila moshi. Chapati za maji zinakaangwa kwa mafuta ya bukini. Nyimbo, umbeya, vicheko.

"Mudaris, karibu!" Raila alisema. "Leo digrii ngapi humu ndani?"

"Kwa joto lako wewe, thelathini."

Nilicheka nao, lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta. Bukini walionyonyolewa walikuwa wamelazwa mezani kwa safu, weupe, wanafanana kama mabwana harusi. Yupi ni yeye? Bukini akishavuliwa manyoya hana cheo. Nikatafuta kifua kipana. Nikapata vitatu. Nikajikuta namwambia mmoja wao kimoyomoyo, "Samahani, mkuu. Lile paja nilikuwa natania."

Mila yetu ni hii. Bukini wakishanyonyolewa, wasichana huwachukua kwa mzegazega, ule mti wa kubebea begani, hadi kwenye chemchemi kuwaosha, na mwenye nyumba hutangulia akimwaga manyoya njiani, ili mwaka ujao bukini warudi wengi kwa njia hiyo hiyo. Nyumba inayofungwa haimwagi. Hakuna anayewatengenezea bukini njia ya kuja kwenye mlango uliopigwa misumari. Wasichana walikuwa wameshajitwika mizegazega, wamesimama mlangoni, hawajui waanze au wangoje. Ilgiz alikuwa anafunga masanduku, naye akasimama. Sote tukamtazama Maftuha.

Alijifunga shali. Akachukua mfuko wa manyoya kwa ule mkono mzima. Akatoka.

Akamwaga manyoya ya kwanza kizingitini pake.

Mabibi wakapiga kelele ya furaha. Ilgiz akasema, "Mama? Tumekubaliana."

"Tumekubaliana nitakuja, na nitakuja. Barafu naiogopa, sikufichi, mwanangu. Nimelala chini mara mbili, ya tatu siitaki. Majira ya baridi nitakaa kwako, nitapanda lifti yako juu na chini mpaka ikome. Barafu ya mto ikipasuka, unanirudisha."

"Urudi kwenye nini? Bukini wote wamekwisha!"

"Nani kasema wote?"

Akaendelea kumwaga. Njia ya chemchemi ni kushuka kulia. Yeye akapinda kushoto kwanza, akapanda mteremko wangu, manyoya yakidondoka nyuma yake kama theluji inayojaribu, wasichana na mizegazega yao wanamfuata, kijiji kizima nyuma yao, mpaka langoni kwangu.

"Fungua banda lako, shemeji," aliniambia.

"Kuna nini?"

"Ukaguzi."

Nikafungua. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya banda, kifua mbele, na majike matatu nyuma yake kama makarani. Hanif alikuwa amewaleta alfajiri nikiwa na redio yangu. Nikainama nimwambie karibu. Akaniuma puani.

"Ulisema nikuulize siku ya manyoya," nilimwambia Maftuha huku nimeshika pua.

"Nimeshajibu," alisema. "Nisipowakuta wote wanne, wa kunyonyolewa utakuwa wewe."

Ilgiz alitazama banda, akatazama njia nyeupe, akaweka uso mikononi. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka kama marehemu baba yake, mabega juu chini, bila sauti.

Novemba 8

Wameondoka saa nne asubuhi. Kumi na nne chini ya sifuri, jua kali lisilo na joto. Maftuha alivaa mabuti ya sufu. Aliniachia gunia la shayiri na maneno mengi kuhusu maji ya uvuguvugu. Nilimwambia bukini ni kazi ya wanawake. Akasema, "Ndiyo maana nakupa wewe, ujifunze akili."

Novemba 9

Baridi. Nimelisha.

Novemba 10

Nimelisha. Nimeumwa. Nimelisha.

Novemba 12

Nesi Gulfiya amekuja kuangalia daftari. Amesoma kurasa zote amesimama, koti hajavua. Akasema, "Babu, hapa hakuna presha hata moja." Nikamwambia asome vizuri, zimejaa tele. Amenipa daftari la pili.

Halafu redio. Kaskazini kumi na sita chini ya sifuri. Kusini kumi na tatu. Ng'ambo ya milima kumi na tisa, upepo. Binti akavuta pumzi, akasema, "Na Ufa mjini..."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kitufe. Ukakiachia. Nikaongeza sauti mpaka bukini wakanyamaza bandani. Ufa: digrii tatu chini ya sifuri mchana, mvua ya theluji, usiku kuganda, utelezi mkubwa barabarani.

Nikashuka mbio, kwa kadiri ninavyoweza kuita mbio. Nikamwambia Raila apande paani.

"Kwa baridi hii? Una nini?"

"Mpigie Maftuha. Mwambie Ufa kuna utelezi, asitoke, na akitoka avae mabuti ya sufu. Mwambie tatu chini ya sifuri na usiku inaganda."

Raila alipanda akinitukana kila ngazi. Akageukia upande wa msikiti, akazungumza muda mrefu kuliko ujumbe wangu, akacheka, akashusha simu.

"Amesema nini?" nilimuuliza kutoka chini.

"Anauliza," Raila alisema, ameshika tumbo, "hizo digrii ni za redio au ni zako?"